Miche ya nyanya ilikuwa na maua kitaluni, kwangu imedumaa. Nilikosea kuchagua?

RoshaniNdogo
Wadau, habari za saa hizi. Nina roshani yenye upana wa kitanda, inapata jua tangu asubuhi mpaka kama saa saba. Nimeweka ndoo tatu za lita 20, nimezitoboa chini, udongo nimechanganya na mboji. Wiki tatu zilizopita nilikwenda kitaluni kutafuta nyanya, nikachagua kama ninavyochagua nguo: iliyopendeza kuliko zote. Mirefu, ina maua, na mmoja ulishafunga kitunda kama punje ya njegere. Kulikuwa na miche mifupi pembeni, nikaipita kama siioni.

Sasa huo wenye kitunda haujaongeza hata jani moja. Wa pili majani ya chini yamekuwa ya njano. Wa tatu jana mchana ulinyauka, jioni ukainuka, leo umelala tena, na udongo ni mbichi kabisa. Namwagilia kila asubuhi. Na msiniambie "chagua yenye afya", maana hata hii mimi niliiona ina afya tele.

Mzee wa Viriba
Pole mwanangu. Wewe ulinunua maua, hukununua mche.

Nimeotesha miche ya kuuza kwa miaka mingi, nikuibie siri: yenye maua ndiyo inayoondoka kwanza, na mimi nilikuwa nafurahi ikiondoka, maana ilikuwa imebakiza siku chache niitupe. Nyanya ikichanua ndani ya kiriba kidogo, yaani kifuko cha kuoteshea miche, mara nyingi imekaa humo kupita kiasi. Mizizi imekosa pa kwenda, mche unakimbilia kuzaa. Ukiuhamishia ndooni, nguvu inaishia kwenye kitunda badala ya mizizi.

Siku nyingine anza chini. Inua kiriba, tazama matundu. Mzizi mmoja mmoja ukichungulia si neno, lakini ukiona ndevu nzito zimening'inia, rudisha. Kisha omba uuchomoe. Mche ulio kwenye kikopo, upitishe shina katikati ya vidole viwili, kiganja kifunike udongo, pindua, minyaminya pembeni. Donge litoke zima, mizizi ni myeupe, imeushika udongo kama wavu, na udongo wenyewe bado unaonekana. Mizizi ikiwa imejizungusha kama kamba iliyokunjwa, acha. Ikiwa ya kahawia na inanuka uvundo, acha na jirani zake pia. Ukiona vinundu kwenye mizizi, hao ni minyoo fundo, usiwaingize kwako. Udongo ukimwagika wote, mche umehamishwa juzi tu, haujashika.

Urefu usikutie tamaa. Mimi nachukua wa sentimita 15 hadi 20, shina nene kama penseli, majani yamekaribiana. Uliorefuka na kulegea ulikuwa unatafuta mwanga.

Huo wa kwanza toa kitunda na maua yote leo.

RoshaniNdogo
Shikamoo mzee. Kitunda nimekitoa, roho imeniuma kama nimeng'oa jino. Muuzaji akikataa nisichomoe?

Mzee wa Viriba
Marahaba. Mwambie achomoe yeye. Akikataa na hilo, kanunue kwingine.

MamaPacha
Dada, mzee kamaliza habari ya mizizi, mimi naongezea majani. Geuza jani, wadudu wanakaa upande wa chini. Vidukari utawaona kwenye ncha changa, wamejazana. Ukiutikisa mche na vipepeo vidogo vyeupe vikaruka, hao ni inzi weupe. Utitiri ni wadogo mno, kwa hiyo mimi hubeba karatasi nyeupe: nagonga jani juu yake, vumbi likianza kutembea, naondoka.

Huo unaonyauka usiuguse kwa mikono utakayogusia mingine. Kwanza angalia matundu ya ndoo, huenda maji yamesimama. Ukiendelea kunyauka, kata shina karibu na udongo, tumbukiza ncha iliyokatwa kwenye glasi ya maji safi, tulia dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka, ni mnyauko bakteria. Hauna dawa. Tupa mche na udongo wake, na huo udongo usiupandie pilipili wala bilinganya, ni ukoo mmoja na nyanya.

RoshaniNdogo
Narudi na aibu. Ndoo zote tatu zilikuwa zimekaa bapa sakafuni, matundu yamezibwa. Nimeziinua kwa vipande vya tofali, maji meusi yametoka mpaka nikashangaa yalikuwa yamejificha wapi. Huo wa tatu haukuinuka, nikaukata. Glasi ilibaki safi, ila mizizi ilikuwa ya kahawia na inateleza. Kwa hiyo huo nimeuua mwenyewe, kitalu hakihusiki. Wa njano umetoa jani jipya la kijani.

Jana nilirudi kununua mmoja. Nimechukua mfupi, nimeuchomoa, mizizi myeupe. Kufika nyumbani nageuza majani: vidukari watatu. Nimewapangusa kwa kidole. Niurudishe?

MamaPacha
Hapana, watatu si jeshi. Uweke mbali na wenzake siku 14, ugeuze majani kila asubuhi kabla ya kumwagilia. Na kabla ya kumwagilia, chomeka kidole udongoni kwanza.

Mzee wa Viriba
Kidole kizima, mwanangu, si ukucha.