Mama mjane akitaka kuolewa, watoto tunapinga mapenzi au tunalinda nyumba?

Wakuu, mwangaluka. Naomba tulijadili hili bila matusi: mzazi mjane aliyevuka hamsini akipata mtu wa kuoana naye, sisi watoto wakubwa tuna haki ya kumzuia?

Kilichonichokoza ni filamu ya Marekani ya mwaka 2003, Something's Gotta Give, ya Nancy Meyers. Kwa ambao hamjaiona: Harry (Jack Nicholson) ana miaka 63, ana hela, hajawahi kuoa, na sifa yake mjini ni kutoka na mabinti ambao hawajafika thelathini. Mmoja anampeleka kwenye nyumba ya mama yake ufukweni. Moyo unamgoma hukohuko, daktari anamkataza kusafiri, na anayebaki kumuuguza ni mama mtu, Erica, mwandishi wa tamthilia aliyeachika. Erica ni marehemu Diane Keaton, na aliitendea haki nafasi ile hadi akapata Golden Globe. Mapenzi yanahama kutoka kwa binti kwenda kwa mama.

Watu wanachekea vituko vya Harry. Mimi nilimtazama yule binti. Anamwachia mama yake mwanaume, tena anawahimiza! Hapo ndipo mtu wa Mwanza anapoacha kuamini, na si kwamba wazee wetu hawapendani. Nyumba ile ni ya Erica, kaipata kwa kalamu yake, na binti ana kazi yake. Hakuna anayesubiri hati. Sasa hadithi hiyohiyo ihamishie Nyegezi: mama mjane, nyumba waliyojenga na marehemu, vyumba vitatu vya wapangaji, watoto watano na wawili hawana kazi. Mzee mstaafu akianza kuja jioni na sato wawili kwenye mfuko, kikao cha ukoo kitaitishwa kabla sato hawajaiva.

Na kwenye kikao hicho hakuna atakayetamka neno nyumba. Watasema aibu. Watasema wajukuu watamwonaje bibi. Mimi naona tuitaje nyumba waziwazi, kisha tumwache mama aolewe. Kumzuia hatuna haki. Tunachoweza kuomba ni mali iandikwe kabla ya ndoa. Karibuni, hasa mnaopinga.

Kifungua mimba, Nyakato:
Mkuu unaongea kirahisi. Baba yetu alifiwa, akaoa binti mdogo kuliko kitinda mimba wetu. Tukanyamaza, mwanaume haulizwi. Alipofariki tukawa tunaonana na mama mdogo mahakama ya mwanzo. Filamu yako haina mahakama ya mwanzo. Napinga, na si kwa roho mbaya.

Muuza kayabo, Kirumba Mwaloni:
Kifungua mimba, mwanangu, umejijibu mwenyewe. Baba kaleta binti, mmenyamaza. Mama angeleta mtu wa rika lake mngejaa sebuleni mpaka wajomba. Hiyo filamu inamcheka Harry kwa hilohilo, na nyie mnamcheka pamoja nayo, mkitoka mnampigia baba makofi.

Mimi nina miaka 56, mume wangu alikufa zamani. Watoto nawaona Krismasi. Presha ikinipanda usiku nani ananiitia bodaboda ya kwenda hospitali ya Bugando? Na niseme lisilosemwa: huku Usukumani tumezika vikongwe waliouawa kwa kudhaniwa wachawi, kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa jikoni. Bibi anayeishi peke yake anahitaji mtu ndani ya nyumba. Mnasema aibu! Aibu ipi?

Mwanasheria, Isamilo:
Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 68: mjane, hata mila iseme vinginevyo, yuko huru kuishi anapotaka, kubaki bila mume, au kuolewa na mwanaume anayemchagua mwenyewe. Hakuna kifungu kinachomtaka mzazi aombe ruhusa kwa mwanawe.

Kuhusu mali, kifungu cha 58 kinasema ndoa peke yake haibadilishi umiliki. Nyumba iliyokuwa ya mama kabla ya ndoa inabaki ya mama. Ila mume mpya akiiendeleza kwa jasho lake, akaongeza vyumba, akaezeka upya, hapo anaweza kudai siku wakiachana. Kwa hiyo hoja ya kuandika mapema ina maana.

Jambo moja wengi hawalijui. Kifungu cha 160: mwanaume na mwanamke wakiishi pamoja miaka 2 au zaidi, na majirani wakiwatambua kama mume na mke, sheria inadhania wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mnaomkataza mama kufunga ndoa huku mnafumbia macho mzee anayelala pale, hamjalinda chochote.

Wa Mabatini:
Kwetu Waislamu hili lilishapimwa. Mjane akimaliza eda, miezi 4 na siku 10, anaolewa. Mke akifiwa na mume mwenye watoto fungu lake ni thumni, yaani moja ya nane; mume akifiwa na mke mwenye watoto, robo. Ugomvi haujaisha, nisiwadanganye, lakini kila mtu anajua kiasi anachogombea.

Mjane, Sengerema:
Wakili, unaposema "nyumba iliyokuwa ya mama" umeruka korongo. Kanuni za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 zinasema mjane hana fungu ikiwa marehemu kaacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto kama alivyowatunza. Wajane wawili wa Kisukuma walipambana na kanuni hizo hadi kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa, na mwaka 2015 kamati ikasema haki zao zimevunjwa. Sasa mwenye mada, mimi niandike mali gani kabla ya ndoa? Nyumba nimekandika kwa mikono yangu, ila shemeji zangu wanasema ni ya kaka yao. Nikiolewa, hawana haja ya kesi. Wanabadilisha kufuli tu.

Mwenye mada:
Mama wa Sengerema, basi kuandika kuanze mapema zaidi, mume akiwa hai: hati iwe na majina mawili, na wosia uwepo. Mjane anayeingia kwenye mapenzi mapya bila karatasi anaambiwa achague kati ya mtu na paa. Kifungua mimba, ya baba yako nayo ni hiyohiyo. Hamkupinga ndoa, sawa, lakini mzee hakuacha maandishi, mkaachiwa kesi.

Kifungua mimba, Nyakato:
Wosia kwa mzee wa Kisukuma? Ukimtajia atasema unamwombea kifo. Jaribu kwa baba yako kwanza, halafu utuletee majibu.

Mstaafu, Pasiansi:
Mbona hamumzungumzii yule daktari kijana, Keanu Reeves, aliyempenda Erica akijua kabisa kamzidi miaka? Muuza kayabo, akija wa hivyo Mwaloni utasemaje?

Muuza kayabo, Kirumba Mwaloni:
Aje na kipimo cha presha. Kikao cha ukoo nitakiitisha mwenyewe, na chai nitapika.