Mbwa dume hapa Tabora: nimhasi sasa, nisubiri, au nimfungie tu ndani?

Mkazi wa Ipuli
Mwangaluka wakuu. Naomba ushauri wa wenye uzoefu, hasa mlioko Tabora na mikoa ya jirani. Nina mbwa dume, Simba, chotara wa German Shepherd na mbwa wetu wa kienyeji, miezi kumi hivi. Niko Ipuli, uzio wangu ni michongoma na upande mmoja mabati. Tangu majike wa mtaani waingie kwenye joto, Simba halali nyumbani. Anafukua chini ya mabati, anapotea usiku kucha, asubuhi anarudi masikio yamechanika na chakula hataki. Juzi karudi anachechemea. Jirani anasema kulikuwa na kundi la madume wanagombania jike mmoja kule kwenye mashimo ya tofali.

Bwana mifugo wetu anasema tumhasi. Mke wangu anasema tusubiri akue kwanza. Baba mkwe anasema mbwa akihasiwa anakuwa zoba, mwizi anamruka na kuingia ndani. Halafu kuna kijana anayehasi ng'ombe na mbuzi, anadai kwa mbwa ni kazi ya dakika chache na bei yake ni ndogo. Huyu mbwa tunampenda, watoto ndiyo usiseme. Nataka nimtendee haki yeye, siyo kutafuta unafuu wangu tu.

Mzee wa Kanyenye
Baba mkwe wako kasema kweli. Mbwa wa ulinzi hahasiwi. Mimi nimefuga mbwa tangu ujana wangu, na dume langu la sasa linajulikana mtaa mzima. Jenga uzio, mfungulie usiku, mchana abaki bandani. Ukimwondolea uanaume umemwondolea ukali.

Mama Kulwa, Isevya
Shikamoo mzee. Uzio mzuri nakubaliana nawe, ila siyo kila mtu ana hela ya matofali. Mimi nitaongea upande wa majike, maana dume akihangaika hivyo kuna jike mahali anabeba mzigo.

Nilikuwa na jike, Poppy. Kila akiingia kwenye joto, wiki tatu nzima geti langu linazingirwa na madume. Wakinasana, watoto wa mtaa wanawamwagia maji na kuwarushia mawe, mpaka unalia. Nikaambiwa achomwe sindano ya uzazi wa mpango, ile ile ya kinamama ya miezi mitatu, nikakubali. Baadaye akaanza kunywa maji kupita kiasi, ndoo inaisha, tumbo linajaa, na nyuma anatoa usaha wenye harufu kali. Daktari akasema mji wa mimba umejaa usaha na unatakiwa kutolewa siku hiyo hiyo. Alipona, lakini tulimfikisha pale hajiwezi hata kusimama. Mwenye jike anayesoma hapa, hiyo sindano ogopa. Bora atolewe kizazi kwa upasuaji angali mzima.

Dkt. wa Mifugo, Nzega
Mama Kulwa, asante kwa kuliandika hilo. Sindano za homoni zinaongeza hatari ya ugonjwa huo wa usaha, na kawaida unajitokeza wiki kadhaa baada ya joto kuisha, wakati mwenye mbwa ameshasahau. Ukiona jike anakunywa maji kupita kawaida kipindi hicho, usisubiri kesho.

Sasa turudi kwa Simba. Homoni ya kiume inatoka kwenye kokwa. Zikitolewa, homoni inashuka haraka, lakini tabia inachukua wiki kadhaa kuifuata. Kinachopungua zaidi ni kutoroka kufuata majike. Kupandapanda na kukojolea kila kona hupungua pia, na ugomvi wa dume kwa dume, japo siyo kwa kila mbwa. Kubwekea mgeni na kulinda geti ni jambo jingine kabisa, hakutegemei kokwa, na ndiyo maana majike wanalinda. Mzee wangu wa Kanyenye, shikamoo. Maksai ndiye anayevuta plau kutwa nzima, na hakuna anayemwita mvivu. Mbwa aliyehasiwa anakuwa mzito kwa sababu mwili wake sasa unahitaji chakula kidogo kuliko zamani, na sisi tunaendelea kumjazia ugali na dagaa sufuria ile ile. Punguza kama robo, halafu uwe unampapasa mbavu. Zikipotea kwenye mafuta, punguza tena.

Kuna mahali kuhasi hakusaidii. Mbwa anayeng'ata kwa woga, anayejikunyata kwanza ndipo anarusha meno, kisu hakimtibu, na wapo wanaozidi kuwa waoga. Huyo anahitaji kufundishwa kwa upole.

Upande wa afya, saratani ya kokwa inakuwa haipo tena na kuvimba kwa tezi dume uzeeni kunapungua sana. Lakini kwa mbwa wa mitaani kwetu, mimi naogopa zaidi ule uvimbe unaoambukizwa wakati wa kupandana, kinyama chekundu kwenye uume au uke kinachovuja damu. Watu huona matone sakafuni wakadhani mbwa kapigwa teke. Unatibika, sindano ya vinkristini kila wiki kwa wiki kadhaa, ila ni gharama na usumbufu kwa mnyama.

Mkazi wa Ipuli
Dokta, asante sana. Na umri je? Mke wangu anashikilia tusubiri.

Dkt. wa Mifugo, Nzega
Mkeo ana hoja nzito, kwa sababu ya ile damu ya German Shepherd. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walitoa matokeo yao kuhusu mbwa wa aina hiyo: waliohasiwa kabla ya kutimiza mwaka walipata matatizo ya viungo, hasa magoti, karibu mara tatu ya wasiohasiwa. Homoni inahusika katika kufunga ukuaji wa mifupa. Ukiitoa mapema, mifupa mirefu inaendelea kurefuka na kiungo hakikai sawasawa. Kwa mbwa wadogo, kama wengi wa mbwa wetu wa kienyeji wasiofika kilo 20, tofauti hiyo haikuonekana katika utafiti wao mwingine. Simba ni mkubwa, kwa hiyo mimi ningemwacha avuke mwaka, hata mwaka na nusu.

Kijana wa Kasulu
Dokta, kwa heshima, hapo napingana na wewe kidogo. Miezi yote hiyo Simba atakuwa wapi? Kwenye mashimo ya tofali. Goti la miaka ijayo ni jambo la kweli, ila kuumwa na mbwa mwenye kichaa kunaweza kutokea usiku wa leo. Mimi wangu nilimhasi akiwa na umri kama wa Simba, hapa Kigoma, kwa sababu alishagongwa na bodaboda akifuata jike. Mwezi wa kwanza sikuona badiliko, nikadhani nimetupa hela. Baadaye akatulia, jioni analala kibarazani. Kubweka ni kule kule, mtu akigusa komeo tu mtaa wote unajua. Amenenepa, hilo ni kweli.

Dkt. wa Mifugo, Nzega
Kijana, una haki. Basi niseme hivi: uamuzi uko kwenye uzio. Ukiweza kumzuia, subiri. Ukishindwa kabisa, mhasi sasa, maana gari na kichaa cha mbwa ni hatari kubwa kuliko goti. Na vyovyote mtakavyoamua, chanjo kwanza. Kuhasi hakuzuii kichaa. Kinachokata ugonjwa huu ni mbwa kuchanjwa, angalau asilimia 70 ya mbwa wote wa eneo, ndicho kiwango kinacholengwa na Shirika la Afya Duniani. Simba amechanjwa?

Mkazi wa Ipuli
Alichanjwa alipokuwa mdogo. Hajarudiwa.

Dkt. wa Mifugo, Nzega
Mpeleke wiki hii. Wala usingoje Septemba 28, ile siku ya kichaa cha mbwa duniani, ukitegemea kampeni.

Binti Sikonge
Naomba niseme kuhusu yule kijana wa bei ndogo. Nawasihi, msimpe mbwa wenu. Kwetu kuna mtu alimhasi mbwa wa mjomba kwa wembe, bila ganzi, miguu imefungwa kamba, akapaka majivu na kuondoka. Ilikuwa masika, tope na nzi kila mahali. Kidonda kikaingia funza. Nilikuwa namsafisha mimi kwa maji ya chumvi, na yule mbwa ambaye sikuwahi kumwona akimng'ata mtu wa nyumbani alikuwa akiniona na beseni anatetemeka. Alikufa. Sijali nani anasema ni mila au ni ubahili, yale ni mateso.

Dkt. wa Mifugo, Nzega
Pole sana, binti. Na ni mateso hata mbele ya Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Hata koleo la burdizo, alilozoea huyo kijana, ni la ng'ombe, mbuzi na kondoo. Linasaga mishipa juu ya pumbu zinazoning'inia, na za mbwa zimekaa karibu na mwili. Mbwa anapewa nusu kaputi, anapasuliwa mahali safi, anafungwa nyuzi, anapewa dawa ya maumivu. Mwulizeni daktari bila aibu: umesajiliwa na Baraza la Veterinari? Utamlaza kwa dawa gani? Nani atamwangalia mpaka azinduke? Akikwepa maswali, rudini nyumbani na mbwa wenu.

Mzee wa Kanyenye
Marahaba daktari, nimekusoma. Mimi la kwangu litabaki lilivyo. Lina ukuta wa matofali na halijawahi kutoka bila mimi.

Dkt. wa Mifugo, Nzega
Na huo ni uamuzi halali, mzee. Dume lisilotoka na lililochanjwa halina ulazima wa kuhasiwa. Liangalie tu tezi dume likizeeka, likianza kujikamua kwa shida wakati wa kunya.

Mkazi wa Ipuli
Nimeongea na mke wangu. Tumeamua kusubiri mpaka kiangazi, Julai au Agosti, Simba atakuwa amevuka mwaka na hakuna tope. Jana fundi amechimba mtaro chini ya mabati na kuujaza mawe na zege. Jumatatu anakwenda chanjo. Akitoroka tena pamoja na hayo, namhasi mapema kama alivyosema Kijana wa Kasulu. Swali la mwisho, dokta: siku ya upasuaji nifanye nini?

Dkt. wa Mifugo, Nzega
Asile kuanzia usiku wa kuamkia siku hiyo, maji anywe mpaka asubuhi. Ukirudi naye, mlaze sakafu kavu, umfunike kanga, maana dawa inashusha joto la mwili. Asilambe kidonda, omba kola ya shingoni, ile pana inayomzuia kukifikia kwa mdomo. Asiogeshwe mpaka nyuzi zitolewe, siku 10 hadi 14. Na usimfungulie geti mapema: mbegu zilizobaki kwenye mirija zinaweza kumpa jike mimba hata wiki kadhaa baada ya kuhasiwa. Mwezi mzima abaki ndani.