Ubtan ya mtindi: uso unawasha, rangi haitoki

nuru_k: Habari wadau. Ile ubtan, mchanganyiko wa Kihindi wa kupaka usoni, wa mtindi, unga wa dengu na manjano: kwangu inachuruzika, inawasha, na nikinawa kwa sabuni uso unageuka mwekundu. Nakosea wapi? Ngozi yangu hushika joto haraka.

kemia_jikoni: Huo wekundu huenda si kuungua. Manjano yakikutana na sabuni ya mche, ambayo ni alikali, hubadilika rangi. Achana na sabuni, futa kwa pamba yenye mafuta ya ufuta. Rangi ile huyeyuka kwenye mafuta kuliko majini. Na manjano yenyewe, ncha ya kisu inatosha.

Chekecha unga, vijiko 2 vya chai. Mtindi uwe mtupu, usio na sukari wala ladha; mwaga maji yaliyojitenga juu, maana ndiyo yanayochuruzisha. Anza na vijiko 2 vya chai, ongeza kidogo kidogo mpaka ushike kama uji mzito. Dakika 10, kisha uoshe kwa maji ya vuguvugu ungali na unyevu. Ukiuacha ukauke halafu ukasugua, unajichubua. Limau usitie kabisa! Asidi ya laktiki ya mtindi inatosha.

msomaji_wa_dosha: Kuhusu joto: wengi hudhani mtindi unapoza kwa sababu umetoka kwenye friji. Katika Ayurveda, tiba ya jadi ya Kihindi, mtindi (dadhi) ni mchachu, tabia yake ni moto, na huongeza pitta (hali ya joto mwilini) na kapha (hali ya uzito na unyevu). Kwa ngozi kama yako tumia maziwa yaliyochemshwa yakapoa, pamoja na maji ya waridi. Mtindi wenye mafuta yake yote unaifaa zaidi ngozi kavu, ya vata (hali ya ukavu).

Hata kwenye takradhara, tiba maarufu ya Kerala, India, hawamimini mtindi hivihivi. Maziwa huchemshwa na viazi vya musta (jamii ya ndago), hugandishwa usiku kucha, hupigwa na kutolewa siagi, ndipo huchanganywa na maji ya amla (tunda chachu la Kihindi) yaliyochemshwa na kumiminwa kwenye paji la uso.

nuru_k: Shukrani. Na penye chunusi za usaha?

kemia_jikoni: Paruke hapo, usipake wala kusugua. Mchanganyiko wowote mpya ujaribu kwanza ndani ya kiwiko, usubiri saa 24. Mwenye aleji ya maziwa asiguse kabisa. Kilichobaki kwenye bakuli mwaga, usikiweke hadi wiki ijayo.