Safari Rally ibaki Naivasha, au irudi barabarani kwa wananchi?

MTOA MADA (Voi)

Salaam wakuu. Kila Safari Rally, mashindano yetu ya magari hapa Kenya, ikikaribia tunabishana nani atashinda. Leo naomba tubishane jambo zito zaidi: mashindano haya ni ya nani? Tangu yarudi kwenye ratiba ya mbio za dunia (WRC) mwaka 2021, mikondo (vipande vya njia ambako magari hupimwa muda) karibu yote iko Naivasha na kandokando yake: Kedong, Soysambu, Elmenteita, Hell's Gate. Sehemu kubwa ni mashamba binafsi na hifadhi. Msimamo wangu ni kwamba yalitolewa mikononi mwa wananchi, na yarudishwe.

Nilikuwa na miaka tisa, siku za Pasaka, kando ya barabara ya kwenda Taveta. Kwanza ulisikia helikopta. Iliruka chini mbele ya gari, kumwonya dereva kama kuna ng'ombe au lori. Halafu zikaja taa, mlio, vumbi, na kokoto zikatupiga miguuni. Gari moja likasimama chini ya mbuyu, mafundi walikuwa wakilingoja. Wanne walishaingia chini yake kabla injini haijazimwa. Wakafungua shokamzoba mbili za nyuma, wakafunga mpya, na gari likaondoka hata kabla sijamaliza kuhesabu walikuwa wangapi. Palibaki nati moja mchangani. Niliiokota ingali ya moto, ikaniunguza vidole, na sikuiachia. Sikulipa kiingilio wala sikupanda basi. Safari ilinifuata kwetu.

Na ndivyo ilivyoanzishwa. Mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, magari yalizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Hakukuwa na mkondo uliofungwa. Ulipewa muda wa kufika kituo kinachofuata kwa barabara ileile ya mabasi, na ukichelewa dakika unahesabiwa adhabu. Mvua ikinyesha, mshindani wako mkubwa ni udongo mweusi. Mwaka 1963 yalianza magari 84 yakamaliza 7. Mwaka 1968 yakaanza 93, na tena yakamaliza 7! Nick Nowicki alishinda miaka yote miwili, kwa Peugeot 404.

Kwa sababu barabara zilikuwa zetu, waliozijua walikuwa watu wa hapa. Joginder Singh alishinda mwaka 1965 na ndugu yake Jaswant kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, akarudia 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara 5. Ule ushindi wake wa kwanza, 1973, unanisisimua hadi leo: baada ya maelfu ya kilomita yeye na Harry Källström wa Sweden walilingana adhabu. Mehta akapewa ushindi kwa sababu alikuwa amekwenda mbali zaidi bila kuchelewa. Dereva kutoka ng'ambo hakushinda hadi Hannu Mikkola, mwaka 1972.

Viwanda navyo vilijua thamani yake. Mnunuzi wa Kisumu au Arusha aliyeliona gari limepita kwao, limejaa matope na bado linakwenda, hakuhitaji tangazo lingine. Peugeot na Datsun zilijenga jina hapa namna hiyo. Leo mikondo ya mashindano haifiki hata km 400 kwa jumla. Mwaka 2002 ilizidi 1,000.

Nawasilisha.

MCHANGIAJI WA KWANZA (Naivasha)

Mkuu, kumbukumbu zako ni tamu, lakini hiyo barabara yako ya wakati ule haipo tena. Leo ina bodaboda, matatu, watoto wa shule na malori ya masafa. Gari la Rally1, daraja la juu kabisa la WRC, linapita km 150 kwa saa kwenye changarawe. Nani atasimama mbele ya mama aliyepoteza mtoto amwambie tulitaka kulinda utamaduni? WRC haitaki mkondo usiofungwa, nchi yoyote ile. Ukikataa sharti hilo unatoka kwenye ratiba, na kukaa nje tunakujua: tulitoka baada ya 2002 hadi 2021.

Na msituambie Safari ya sasa ni laini. Njooni Kedong muone feshifeshi, lile vumbi jepesi kama unga linaloficha mawe. Magari bado yanafungwa bomba la kuvutia hewa juu, ili injini isimeze maji wala vumbi. Sisi hapa wiki ile tunauza chakula, tunakodisha vyumba, vijana wanapata vibarua. Mnataka kutunyang'anya hilo kwa sababu ya nati?

MCHANGIAJI WA PILI (Moshi)

Naomba niongeze la upande wetu. Bert Shankland wa Tanzania alishinda 1966 na 1967 akiwa na Chris Rothwell, kwa Peugeot 404. Ukiwauliza vijana wa hapa, hawamjui. Tangu 1974 njia ikabaki Kenya tupu, na jina la Afrika Mashariki likaondolewa.

Anayesema haiwezekani atazame mashindano ya magari ya zamani, yale ya East African Safari Classic yaliyoanza 2003. Yamepita Kenya na Tanzania, maelfu ya kilomita, na watu wa vijijini wanatoka kuyaona. Najua si WRC, kasi ni nyingine. Lakini mipaka ilivukwa.

MCHANGIAJI WA TATU (Nakuru)

Nakubaliana na wa Naivasha kuhusu usalama. Ila tumtazame McRae Kimathi, dereva kijana wa Kenya. Amepewa jina la Colin McRae, mshindi wa Safari mara 3, na mwaka 2022 alishindana kwenye theluji ya Sweden katika daraja la vijana la WRC. Jina halipewi mtoto kwa kitu ambacho wazazi hawakukipenda. Huko Kitui na Busia nani atakipenda, kama hakipiti?

MTOA MADA

Ndugu wa Naivasha, umenigusa kwenye suala la watoto, na hapo narudi nyuma. Sitaki tena gari lenye kasi ile likutane na bodaboda. Helikopta yenyewe niliyoisifu ilikuwa ushahidi kwamba njia ni ya hatari.

Lakini la mashamba bado nalishikilia. Hata sasa, kati ya mkondo na mkondo magari yanapita barabara za kawaida, yakifuata sheria za trafiki kama gari lolote. Basi siku moja kati ya zile nne ihamishwe: mwaka mmoja Machakos, mwingine Taita, mwingine Magharibi. Mikondo miwili au mitatu ifungwe asubuhi na polisi na wazee wa mtaa, ifunguliwe mchana, na magari yapite mjini polepole watu wayaone. Naivasha mbaki na siku tatu na biashara yenu. Fedha za serikali zinazoingia humo zinatoka pia kwa mlipa kodi wa Taveta.

Gharama ya kuhamisha mafundi na madaktari siku hiyo ndiyo sehemu ngumu. Aliyewahi kusimamia mkondo, hata wa mashindano ya taifa, atuambie inahitaji watu wangapi.