"While checking" sawa, "because being" kosa: -ing inakaa baada ya viunganishi vipi?

Karani_wa_Zamu:
Wakuu, naomba ufafanuzi. Naandika ripoti za zamu kwa Kiingereza. Hizi hapa sentensi nne, zote zina kiunganishi halafu -ing:

"While checking the pump, I heard a noise."
"Because being late, the driver did not load the cargo."
"After closing the gate, the rain started."
"When being a trainee, I used the old form."

Nimeambiwa ya kwanza tu ndiyo sawa. Mbona zote zinafanana? Na je, "before to go" ni kosa au ni Kiingereza cha mahali fulani?

Mhariri_Usiku:
Nianze na hiyo ya geti, maana ndiyo inayotuponza wengi.

Kiswahili ukisema "nilipokuwa nakagua pampu", mwenye kazi yumo ndani ya kitenzi: ni-. Kiingereza "checking" haina mtu. Ni nani anakagua? Msomaji wa Kiingereza huenda kumtafuta kwenye sentensi kuu, na wa kwanza anayekutana naye ni kiima. Kwa hiyo jipime hivi: chukua kiima cha sentensi kuu, kibandike mbele ya -ing. "I was checking the pump": sawa, wewe ndiye uliyekagua. "The rain was closing the gate": mvua inafunga geti?

Kurekebisha, ama umrudishe mtu kwenye kishazi: "After I closed the gate, the rain started." Ama ubadilishe kiima cha sentensi kuu: "After closing the gate, we ran from the rain."

Chanzo cha kosa ni lugha yetu wenyewe. "Baada ya kufunga geti, mvua ikaanza" ni Kiswahili safi kabisa. "Kufunga" nayo haina mtu, ila msikilizaji anajijazia. Waingereza nao wakiongea huteleza hapo hapo, na hakuna anayewakamata. Kwenye maandishi, mvua yenye funguo za geti inachekesha.

Bi_Sarufi:
Mhariri kamaliza la kiima. Mimi naongeza la kiunganishi chenyewe, kwa sababu "because being" haiponi hata kiima kikiwa sahihi.

Kuna makundi mawili yanayokubali -ing, na yanakubali kwa njia tofauti.

Kundi la "before", "after" na "since" hufuatwa pia na nomino tupu: "before lunch", "after work", "since Monday". Ndiyo maana -ing inakaa hapo kwa raha, inafanya kazi kama "kufunga" katika "baada ya kufunga".

Kundi la "while", "when", "if" na "unless" ni jingine. Huwezi kusema "while lunch". Hapa kilichotokea ni kukata maneno: "While I was checking the pump" imetolewa "I was", ikabaki "While checking the pump". Mkato huo unaruhusiwa kwa viunganishi hivi, na pia "although" na "though". "Because" hairuhusu. Hivyo ya dereva iandike "Because he was late", basi. "As" nayo ikiwa na maana ya "wakati" hairuhusu: "As walking to work" si Kiingereza, sema "while walking to work".

Jihadhari na "since", ina sura mbili. Ya muda inapokea -ing: "Since moving to Mwanza, she has changed jobs twice." Ya sababu haipokei. Ukiandika "Since being sick, he stayed home" ukimaanisha "kwa kuwa alikuwa mgonjwa", msomaji anaisoma "tangu augue". Andika "Since he was sick".

Sentensi ya nne ina ugonjwa mwingine: "being". Mkato ukikutana na "was" ya hali au mahali, "being" huondoka nayo. Hatusemi "while being at work", tunasema "while at work". Ndivyo zilivyozaliwa "when in doubt" na "if possible". Ya kwako iwe "When I was a trainee" au fupi zaidi, "As a trainee". "Being" inabaki kitu kinapotendwa: "The pump leaked while being repaired." Baada ya "before" na "after" pia inabaki: "before being paid".

Fundi_Lugha:
Naunga mkono, ila kuhusu "although knowing" nina neno. Si kosa, lakini mdomoni inasikika kama hotuba. Watu husema "even though I knew". Ukitaka -ing bila kujikweza, tumia "despite": "Despite knowing the price, he asked again." Hali kadhalika "if going by bus" inafaa kwenye tangazo ukutani, ukiongea na mtu, "if you're going by bus".

"When" nayo inapenda maelekezo na mambo ya kujirudia: "When opening the valve, wear gloves." Tukio la mara moja lililopita, rudisha mtu: "When I arrived, the office was closed." Ukiandika "When arriving yesterday", msomaji anasita.

Sasa "before to go". Ni kosa, na limetoka moja kwa moja kwenye "kabla ya kwenda", tunadhani "ku-" lazima iwe "to". Baada ya "before", "ku-" yetu ni -ing: "before going". Wakati usikusumbue, unabebwa na kitenzi kikuu: "Before leaving, I lock the store", "I locked", "I will lock". "Leaving" haibadiliki.

Lipo na dogo lake ambalo halitajwi sana. Sisi tunasema "kabla hajafika", kwa kukanusha. Mtu anaandika "before he had not arrived". Kiingereza hakikanushi hapo: "before he arrived". Na watu wakiwa wawili tofauti, -ing haifai: si "before the boss coming, I cleaned the desk", bali "before the boss came".

Karani_wa_Zamu:
Shukrani sana. Swali la mwisho: "I saw the driver while crossing the road." Nani anavuka?

Mhariri_Usiku:
Wewe. Kiima ni "I", basi "while crossing" ni "nikivuka". Ukiitoa "while", mambo yanageuka: "I saw the driver crossing the road" ni "nilimwona dereva akivuka". Tofauti ya ni- na a- ambayo kwetu ni herufi tu, wao wameiweka kwenye kuwepo au kutokuwepo kwa "while". Kwenye ripoti ya ajali, neno hilo moja linaamua nani alikuwa katikati ya barabara.

Bi_Sarufi:
Na kuhusu alama ya koma: kishazi cha -ing kikitangulia, weka koma baada yake. Kikija mwishoni baada ya "while" au "before", kwa kawaida usiweke. "Call me before leaving" haina koma.

Karani_wa_Zamu:
Nimezirekebisha:
"The driver did not load the cargo because he was late."
"After I closed the gate, the rain started."
"As a trainee, I used the old form."

Fundi_Lugha:
Zote tatu zipite, mkuu.