Mrejesho: Nyumba ya zamani niliyotaka kuinunua mjini
Nawashukuru nyote mlionijibu nilipouliza namna ya kukagua nyumba ya zamani iliyo katika mtaa uliokwisha kujengeka. Nilifuata ushauri wa kurudi pale mara baada ya mvua kubwa, na hapo ndipo nilipoona kile ambacho rangi mpya ilikuwa imekificha: unyevu uliopanda ukutani hadi usawa wa goti, na plasta iliyolia kama debe tupu nilipoigonga kwa kidole. Ufa wa juu ya dirisha niliuwekea alama za penseli kwenye ncha zake pamoja na tarehe. Baada ya wiki 6 haukuwa umeongezeka, na fundi akasema ni wa plasta tu, si wa msingi.

Majirani (niliona haya kuwabishia hodi, nakiri) ndio walionieleza kwamba bomba la majitaka huziba mara kwa mara. Nilichoshindwa ni kupata michoro ya awali, na nyaya za umeme zilizofukiwa ukutani sikuweza kuzikagua zote. Muuzaji alipunguza bei, ingawa si kwa kiasi nilichotaka, nami nimeinunua. Wiki ijayo tunaanza kubandua ile plasta.