Tupeane uzoefu: opera ilikuingia lini?

Katibu, Muscat

Assalaam alaykum, na salamu kwa wanachama wote wa chama chetu cha kusikiliza opera, wa hapa mjini na mlioko mbali mnaotufuata kwa simu.

Katika kikao chetu cha Alhamisi iliyopita, baada ya kahawa na halwa, kulizuka swali ambalo hatukulimaliza, nami nimeombwa nililete hapa ili kila mtu alijibu kwa nafasi yake. Swali lenyewe halihusu opera unayoipenda. Linahusu siku opera ilipokuingia, yaani siku ile kelele za watu wanaopaza sauti kwa lugha usiyoijua zilipogeuka kuwa kitu kinachokuhusu. Naomba tusimulie yaliyotupata wenyewe, na asiyeingiwa bado naye aseme.

Nianze mimi. Wengi wenu mnajua kwamba Jumba la Opera la Kifalme hapa Muscat lilifunguliwa Oktoba 2011 kwa Turandot ya Puccini, Plácido Domingo akiiongoza okestra. Sikuwemo ukumbini usiku ule, na kwa kweli hata ningepewa tiketi nisingekwenda, kwa sababu wakati huo niliamini kwamba opera ni mambo ya watu wenye fedha na shingo ngumu. Turandot nilikutana nayo miaka kadhaa baadaye, sebuleni, katika kikao cha tatu au cha nne cha chama chetu, na aliyekuwa akitusimulia hadithi kabla ya kuwasha santuri alikuwa dada mmoja anayejua kusimulia kweli kweli. Alipofika pale binti mfalme anapomtegea mchumba mafumbo matatu, mchumba ambaye akishindwa hukatwa kichwa, alinyamaza kidogo, akatutazama, kisha akasema kwa sauti ya watoto wa barazani: "Kitendawili!" Sote, watu wazima wenye wajukuu, tukaitika: "Tega!"

Akatega la kwanza: ni kitu gani kinachozaliwa kila usiku na kufa kila alfajiri? Bibi mmoja aliyekuja kumsindikiza mwanawe, na ambaye hakuwa mwanachama, akajibu haraka kwamba ni ndoto. Msimulizi akamwambia kwamba kichwa chake kimekwenda, kwa kuwa jibu ni tumaini. Bibi akakataa katakata, akasema kwao mtu akishindwa kitendawili huombwa mji, haombwi kichwa, na kwamba huyo binti hakulelewa. Kufikia la pili, ambalo jibu lake ni damu, na la tatu, ambalo jibu lake ni jina la Turandot mwenyewe, sebule nzima ilikuwa ikibishana. Ndipo santuri ikawashwa. Sikuelewa neno hata moja la Kiitaliano, lakini nilijua kila fumbo linapoanza na linapojibiwa, na nilisikia jinsi okestra inavyokaza na kuachia kama moyo wa mtu aliye mtihanini. Tangu siku hiyo sijasikiliza opera yoyote bila kusimuliwa kwanza kwa Kiswahili, na ndiyo asili ya utaratibu wetu ambao baadhi yenu huulalamikia kwamba unaharibu uhondo kwa kusema mapema nani anakufa. Mtu anayetumia robo saa nzima kufa huku akiimba hawezi kuharibiwa uhondo na msimulizi.

Karibuni.

Bi wa Al-Khuwair

Ahsante, Katibu. Mimi nitaandika kirefu kidogo, mnisamehe.

Mnakumbuka kwamba nilikuwa mpinzani mkubwa wa La traviata ya Verdi. Nilisema wazi kikaoni kwamba mwanamke anayekufa kwa kifua kikuu hawezi kuimba vile, kwani mimi nimemuuguza mtu wa ugonjwa huo. Alikuwa shangazi yangu, Unguja, nami nikiwa msichana wa miaka kumi na minne niliyepewa kazi ya kumkalia usiku kwa sababu mama alikuwa na watoto wadogo. Mgonjwa wa kifua hawezi kusema sentensi moja bila kupumzika katikati, seuze kuimba juu ya fidla thelathini. Katibu akanijibu kwamba hata watu wa Venice mwaka 1853 hawakuipokea opera hiyo ilipoonyeshwa mara ya kwanza, na kwamba sababu mojawapo ilikuwa umbo la mwimbaji, ambaye alikuwa na afya iliyozidi kwa mtu wa kufa. Nilifurahi kusikia kwamba sikuwa peke yangu, nikaona hoja yangu imeshinda.

Baadaye tuliisikiliza sehemu ya tatu peke yake, taa zikiwa zimepunguzwa. Inaanza kwa fidla za juu, nyembamba, kama mtu anayepumua kwa shida asitake kuwaamsha wengine. Kisha Violetta, yule mgonjwa, anasoma barua, na barua ile haiimbi, anaisema tu kwa sauti ya kawaida, huku ala zikimsindikiza kwa mbali. Hapo nilishtuka kwanza, kwa sababu nilikumbuka shangazi akinitaka nimsomee barua ya mwanawe aliyekuwa Mombasa, ambayo tulikwisha kuisoma mara nyingi na karatasi yake ilikuwa inakatika kwenye mikunjo.

Lakini kilichonimaliza kiko mwishoni kabisa. Baada ya kuaga kila mtu, Violetta anasema ghafla kwamba maumivu yamekwisha, kwamba nguvu zinamrudia, na anasimama. Kisha anaanguka. Wasiouguza watadhani kwamba huo ni utiaji chumvi wa jukwaani. Shangazi yangu, asubuhi ya siku yake ya mwisho, aliketi kitandani bila kushikwa, akaomba uji wa mtama na akauliza kwa nini dirisha halijafunguliwa. Mama alikwenda jikoni akitabasamu. Bibi yangu, ambaye alikwisha kuzika wengi, hakutabasamu. Alitutuma tukawaite ndugu. Wanaouguza huijua ahueni ile, na sikuwahi kuisikia ikisemwa mahali popote nje ya nyumba ya mgonjwa, mpaka usiku ule kikaoni. Verdi aliijua. Mniwie radhi kwamba niliondoka kabla ya chakula. Sikuwa na ugomvi na mtu.

Katibu, Muscat

Bi, wewe huna la kuwiwa radhi. Na hoja yako ya kwanza naiona bado ina nguvu.

Mwanafunzi, Vienna

Shikamooni. Mimi ni wa Mombasa na nimejiunga na vikao vyenu kwa mbali tangu mwaka jana.

Hapa Vienna, jumba kuu la opera lina nafasi za kusimama ambazo bei yake ni ndogo mno kulinganisha na viti, na kuna desturi ambayo sikuelezwa na mtu: ukishaipata nafasi yako, unafunga kitambaa kwenye chuma cha kuegemea, na hakuna atakayeigusa hata ukitoka kwenda kunywa maji. Wenzangu walifunga skafu zao. Mimi nilikuwa na leso mkobani, ile ambayo mama hunilazimisha kusafiri nayo, nikaifunga, maandishi yake yakiwa yameelekea jukwaani. Mzee mmoja aliyesimama pembeni yangu aliniuliza yanasema nini, nikamfasiria kadiri nilivyoweza.

Ilikuwa Tosca, kwa mapambo ya jukwaa ambayo jumba lile limekuwa likiyatumia tangu 1958. Nilizoea taarabu na harusi za kwetu, ambako bila kipaza sauti hakuna shughuli, kwa hiyo nusu saa ya kwanza nilikuwa nikivitafuta vipaza sauti kwa macho. Hapakuwa na hata kimoja. Nilisoma baadaye kwamba waimbaji hawa huzoezwa kuikusanya nguvu ya sauti katika mitetemo ya juu, karibu elfu tatu kwa sekunde, mahali ambapo okestra haina nguvu nyingi, na ndiyo maana mtu mmoja husikika juu ya ala sitini bila kuzishinda kwa ukubwa. Hata hivyo elimu hiyo haikuwa na kazi usiku ule. Sauti ya mwanadamu ilinifikia kule juu nyuma kabisa ikiwa haijapita kwenye waya wowote, nikahisi kama nimeguswa begani.

Naongeza jambo moja. Sehemu ya tatu ya Tosca inaanza kabla ya alfajiri: mtoto mchungaji anaimba kwa mbali, asiyeonekana, na kengele za makanisa ya Roma zinaanza kulia moja baada ya nyingine, za karibu na za mbali. Aliyekulia Mji wa Kale, akasikia adhana za msikiti huu na ule zikipishana gizani, hatahitaji kusimuliwa hapo.

Mwalimu wa kwaya, Moshi

Bwana asifiwe, na heshima kwenu nyote. Yangu ni mafupi. Nilifundishwa muziki kanisani kwa do, re, mi, na kwa miaka mingi nilidhani opera ni muziki wa mtu mmoja anayejionyesha. Siku moja nilisikia kiitikio cha Waebrania katika Nabucco, opera ya Verdi ya mwaka 1842, na kabla sijaambiwa habari yake nilijua kwamba hao ni watu walio mbali na kwao. Nilipoelezwa kwamba wameketi kando ya mto Frati, nilifungua Zaburi ya 137 na kuisoma upya. Kitaalamu lililonishangaza ni kwamba sehemu kubwa ya kiitikio hicho sauti zote, soprano, alto, teno na besi, huimba tuni moja. Mimi nilikuwa nikiwafundisha wanakwaya kwamba umahiri ni kugawana sauti nne. Verdi alikuwa na kwaya nzima mbele yake, akaamua waimbe kama mtu mmoja. Nimejaribu hivyo na kwaya yangu katika ubeti wa mwisho wa wimbo mmoja, na wazee wa kanisa waliniuliza nimeongeza waimbaji wangapi.

Mwanachama, Minnesota, mwenyeji wa Lamu

Katibu ameruhusu asiyeingiwa aseme, basi nasema.

Napenda muziki huu, siwezi kukana. Ila mara mbili mlango umefungwa usoni kwangu. Mara ya kwanza ilikuwa Otello, hadithi ya jemadari mweusi, katika mkanda wa zamani ambao teno, mtu mweupe, amepakwa masizi uso mzima. Jumba la Metropolitan la New York liliacha kumpaka rangi mwimbaji wa Otello mwaka 2015 tu, yaani juzi. Mara ya pili ilikuwa Filimbi ya Uchawi ya Mozart, ambayo mnaiita opera ya watoto. Yumo mtumishi aitwaye Monostatos, naye anaimba kwamba mapenzi si haki yake kwa sababu mtu mweusi ni mbaya wa sura. Nilikuwa nimeketi na binti yangu wa miaka tisa, naye anasoma haraka kuliko mimi, akayasoma maneno yale kwenye skrini kabla sijafikiri la kufanya. Aliniuliza kama Mozart alikuwa mtu mbaya. Nilimwambia nitamjibu tukifika nyumbani, na nyumbani hakuuliza tena, ambalo ni baya zaidi.

Sisemi tuache kusikiliza. Nasema kwamba msimulizi wetu wa Kiswahili, anaposimulia hadithi hizi, asiziruke sehemu kama hizo ili kikao kipendeze.

Mzee wa fidla, Seeb

Nimesoma yote. Kijana wa Lamu amesema kweli, na mimi ndiye niliyemsimulia Monostatos mwaka juzi nikamruka. Nilidhani nawapa watu raha.

Kuhusu swali la Katibu: mimi opera iliniingia kwa kupitia Cairo. Nilipiga fidla katika taarabu ujanani, na tulifundishwa na wakubwa kwamba asili ya taarabu yetu ni Sultani Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 hadi 1888, aliyewaleta wapigaji wa Misri na kumtuma mtu wake Cairo kujifunza ganuni, ala ya nyuzi. Sasa, Aida ya Verdi ilionyeshwa mara ya kwanza katika mji huo huo wa Cairo, mkesha wa Krismasi wa 1871, baada ya kucheleweshwa kwa sababu mavazi na mapambo yalikuwa yamekwama Paris ambayo ilikuwa imezingirwa vitani. Maana yake ni kwamba katika zama hizo hizo mji mmoja ulikuwa na jumba la opera na ulikuwa na takhti (vikundi vya wapigaji) za ganuni na udi zilizotuzaa sisi. Sidai kwamba vilichanganyika. Ila nilipoijua tarehe hiyo niliacha kuiona opera kama mgeni wa mbali. Nikaiona kama jirani wa mtaa wa pili tusiyesalimiana naye.

Na ufunguzi wa opera, kabla pazia halijafunguliwa, nausikiliza kama bashrafu, lile pigo la ala la kufungulia taarabu: tulieni, kaeni sawa, ala zizungumze kwanza.

Katibu, Muscat

Nashukuru. Kikao kijacho ni Alhamisi ya wiki ya pili, baada ya Isha, nyumbani kwa Mzee wa Seeb. Tulikuwa tumepanga Carmen, lakini Mzee amenipigia simu sasa hivi akiomba turudie Filimbi ya Uchawi, na kwamba atasimulia yeye, pamoja na Monostatos. Ndugu wa Minnesota, kwenu itakuwa asubuhi. Ukiweza, mlete binti yako simuni.

Halwa ni zamu ya Bi wa Al-Khuwair, naye safari hii ameahidi kukaa mpaka chakula.